Hoja ya Upande wa Pili: Kumbukumbu za Usomi wa Sheria ya Kimataifa kutoka Tukuyu

Sheria ya kimataifa, yaani ule mkusanyiko wa kanuni zinazoyafunga madola katika mahusiano yao na ambazo chimbuko lake ni mikataba, desturi za madola na misingi ya jumla ya sheria, imezoeleka kufundishwa katika vyuo vya Afrika Mashariki kwa kuanzia Westphalia mwaka 1648, kupitia Vienna na Versailles, hadi San Francisco mwaka 1945, na mwanafunzi anapofika mwisho wa safari hiyo huwa amekwisha kuamini kwamba somo hili ni habari za watu wa mbali. Kwa mtu aliyekulia wilaya ya Rungwe imani hiyo ni ngumu kuitetea. Tukuyu ilikuwa kituo cha utawala cha Wajerumani kilichoitwa Neu-Langenburg, ndani ya koloni ambalo mpaka wake wa kusini ulikubaliwa Berlin tarehe 1 Julai 1890. Mei 1916 ilitekwa na jeshi la Waingereza lililovuka kutoka Nyasaland chini ya Jenerali Northey. Baada ya vita ikawekwa, pamoja na Tanganyika nzima, chini ya usimamizi wa Uingereza kwa niaba ya Ushirika wa Mataifa, kisha chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Na mwaka 1961 ikawa sehemu ya dola huru iliyotangaza msimamo wake yenyewe kuhusu mikataba iliyoachwa na wakoloni. Ni sura chache za kitabu cha somo hili ambazo hazikupita Rungwe.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi, aliyekulia Tukuyu na kutumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi akisoma na kufundisha sheria hiyo, hakusudii kuorodhesha shahada, vyeo wala makongamano, kwa kuwa mambo hayo hufanana kwa wasomi wote na hayamfundishi mtu mwingine kitu. Linalostahili kuandikwa ni fundisho moja lililomchukua miaka mingi kulikubali, nalo ni kwamba mwanazuoni wa sheria ya kimataifa hupimwa kwanza kwa uwezo wake wa kuieleza hoja ya upande wa pili kwa nguvu zake zote, hata pale hoja hiyo inapoinyima nchi yake kitu ambacho watu wa kwao hawana shaka kwamba ni chao. Kwa Rungwe na jirani yake Kyela, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya hiyohiyo, kitu hicho ni Ziwa Nyasa.

Kabla ya kulifikia ziwa, inafaa kutaja kwa ufupi jinsi somo lilivyoota mizizi nchini, maana kazi ya msomi mmoja haieleweki nje ya shule iliyomlea. Kitivo cha Sheria, ambacho ndicho kilichotangulia katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba kikiwa na wanafunzi 14, na majuma machache baadaye serikali mpya ikatoa tamko ambalo bado linasomwa katika vyuo vya dunia kwa jina la Nyerere. Tamko hilo lilihusu urithi wa dola, yaani swali la haki na wajibu gani dola mpya inarithi kutoka kwa mtawala aliyeondoka, na lilisema kwamba Tanganyika ingeendelea kuitekeleza mikataba ya nchi mbili mbili kwa muda wa miaka miwili tu huku ikiichambua, na baada ya hapo mkataba usiokubaliwa upya ungehesabika kuwa umekwisha, isipokuwa ule ambao kwa kanuni za desturi ya kimataifa ungeendelea kuwa hai. Mojawapo ya mambo yaliyochochea msimamo huo ni makubaliano ya mwaka 1921 yaliyoipa Ubelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, milele. Na ni haki kuuliza inakuwaje msimamizi wa mali ya mwingine aipangishe milele.

Walioliweka tamko hilo katika maandishi ya kitaalamu walikuwa watu waliosoma hati kwa subira. Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa wakili Moshi na ambaye alishiriki kulifikisha shauri la ardhi la Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952, pale Kirilo Japhet aliposimama New York kueleza kuhamishwa kwa watu wake, aliandika pamoja na Sosthenes Maliti kitabu kuhusu mwenendo wa Tanzania katika mikataba, kilichotoka mwaka 1973. Katika kizazi kilichofuata, Profesa Chris Maina Peter wa Dar es Salaam alikaa katika Tume ya Sheria ya Kimataifa kuanzia mwaka 2012 hadi 2022. Hicho ni chombo cha wajumbe 34 wanaochaguliwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na kazi yao ni kukutana Geneva kila mwaka kuandika rasimu za sheria ambazo madola yanaweza kuzigeuza kuwa mikataba. Kutoka Rungwe yenyewe mfano unaojulikana zaidi ni wa Dkt. Tulia Ackson, aliyepata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 2007 kwa utafiti wa sheria ya hifadhi ya jamii, eneo ambalo vipimo vyake vya chini viliwekwa na Shirika la Kazi Duniani katika mkataba wake namba 102 wa mwaka 1952, na ambaye alifundisha Dar es Salaam kabla ya kuingia serikalini na Bungeni, akawa Spika mwaka 2022 na rais wa Umoja wa Mabunge Duniani mwaka 2023. Njia yake inaonyesha jambo ambalo wanafunzi hulisahau, kwamba mtu anaweza kuifikia sheria ya kimataifa kwa mlango wa pensheni na bima ya wafanyakazi bila kuwahi kushughulika na vita wala mabalozi.

Mlango aliopitia mwandishi ulikuwa mpaka. Mkataba wa mwaka 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, ambao wengi wanaujua kwa sababu uliiweka Zanzibar chini ya himaya ya Waingereza na kuipa Ujerumani kisiwa cha Helgoland, una katika kifungu chake cha kwanza sentensi ndefu inayoufuata mpaka wa kusini kutoka pwani, kando ya mto Ruvuma hadi unapoungana na mto Msinje, kisha magharibi moja kwa moja mpaka kwenye ziwa. Hapo ndipo msomaji wa Tukuyu huanza kusoma polepole. Mstari haukati maji. Unageuka kaskazini na kuandama ufuko wa mashariki, ukazunguka ufuko wa kaskazini, ukashuka na ule wa magharibi, mpaka ukingo wa kaskazini wa mdomo wa mto Songwe, na kutoka hapo unapanda na mto. Kwa maneno mengine, mchanga wa Matema uko upande mmoja na maji yanayoulamba yako upande mwingine, na meli iliyong'oa nanga Itungi kuelekea Mbamba Bay, ikiwa na magunia ya mchele wa Kyela na abiria wasio na hati yoyote ya kusafiria, ingekuwa imetoka nje ya nchi kabla ya kumaliza kugeuza pua.

Sentensi hiyo imekuwa zana kuu ya kufundishia ya mwandishi, na namna anavyoitumia haijabadilika sana. Wanafunzi husomewa maandishi bila kuambiwa nchi gani inadai nini, hutakiwa kuchora mstari kwenye karatasi tupu yenye umbo la ziwa, na karibu wote huuchora ufukoni. Baada ya hapo huambiwa kwamba Malawi inasema hivyohivyo, na kwamba Tanzania, tangu barua yake ya Januari 1967, inasema mpaka uko katikati ya maji. Ukimya unaofuata darasani una mafunzo mengi kuliko mhadhara. Kinachokuja baada ya ukimya ni mbio za kutafuta njia ya kuyageuza maneno ili yaseme yale ambayo moyo unataka yaseme, na hapo ndipo mwalimu analazimika kuwazuia wanafunzi wake, kwa sababu hakimu atakayesoma hati hiyo hatakuwa mtu wa Kyela.

Hoja ya Malawi ina nguzo kadhaa, na kila moja inabeba uzito. Maandishi ya mkataba yako wazi. Azimio la wakuu wa nchi za Afrika lililopitishwa Cairo Julai 1964, ambalo liliyataka mataifa yote kuheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru, lilipendekezwa na Nyerere mwenyewe. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1978 kuhusu urithi wa dola katika mikataba unatamka kwamba mpaka uliowekwa kwa mkataba hauguswi na mabadiliko ya mtawala, na ule wa mwaka 1969 kuhusu sheria ya mikataba unakataza kutumia kisingizio cha kubadilika kwa mazingira ili kujitoa katika mkataba wa mpaka. Tena kuna kauli zilizotolewa na upande wa serikali ya Tanganyika katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1960 na Bungeni mwaka 1962, zikikiri kwamba kwa mujibu wa makubaliano hayo maji ya ziwa hayakuwa ya Tanganyika. Mwanasheria yeyote anajua hatari ya kauli kama hizo, kwa kuwa Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague ilikwisha kuonyesha mwaka 1962, katika shauri la hekalu la Preah Vihear kati ya Kambodia na Thailand, kwamba dola iliyoipokea ramani bila kuipinga kwa miaka mingi inaweza kuhesabiwa kuwa imeikubali.

Hoja ya Tanzania nayo si ya kubahatisha. Kifungu cha sita cha mkataba uleule kiliruhusu mistari yote irekebishwe kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali husika, ishara kwamba waliouandika walijua wanachora bila kuijua nchi. Ramani na taarifa zilizotolewa na Uingereza katika miaka ya usimamizi wake hazikuwa na msimamo mmoja, kwani baadhi ziliuonyesha mpaka katikati ya ziwa na nyingine ufukoni, na Uingereza, ikiwa inatawala pande zote mbili, haikuwa na haraka ya kujisahihisha. Upande wa Msumbiji, makubaliano ya Uingereza na Ureno ya mwaka 1954 yaliupeleka mpaka katikati ya maji, kwa hiyo ziwa hilohilo moja lina kanuni mbili kwa majirani wawili. Kuna pia desturi pana ya madola kugawana maziwa kwa mstari wa kati, ingawa desturi hiyo hutumika zaidi pale ambapo mkataba umekaa kimya, na huu wa mwaka 1890 haukukaa kimya.

Mwandishi, alipokuwa kijana katika kazi hii, aliamini kwamba kuziandika nguzo za Malawi kwa ukamilifu ni aina ya usaliti, na maandishi yake ya awali yalizitaja kwa haraka kabla ya kukimbilia zile za kwao. Wasomaji wa nje waliyapokea kwa adabu na kuyaweka kando. Sababu ni rahisi: hoja isiyokutana na mpinzani wake imara zaidi haimshawishi mtu ambaye hakuwa ameshawishika tangu mwanzo. Kwa msomi wa nchi ndogo, ambaye hana nyuma yake jeshi wala mkopo wa kutishia, sifa ya kusoma kwa uaminifu ndiyo mtaji pekee alionao anapoingia katika chumba cha Geneva au The Hague, na akiupoteza kwa kuifurahisha hadhira ya nyumbani haurudi kwa urahisi.

Uthibitisho bora wa jambo hili ulitoka katika shauri lililohusu mkataba uleule wa mwaka 1890, safari hii kifungu chake cha tatu, kilichogusa mpaka kati ya nchi ambazo leo ni Botswana na Namibia. Nchi hizo ziligombea kisiwa kidogo katika mto Chobe, kinachoitwa Kasikili upande mmoja na Sedudu upande wa pili, na zikakubaliana kupeleka shauri The Hague, ambako hukumu ilitolewa tarehe 13 Desemba 1999 kwa kura 11 dhidi ya 4. Mahakama haikuuliza nani anakipenda kisiwa zaidi. Iliuliza ni upi mkondo mkuu wa mto unaotajwa na mkataba, ikapima kina, upana, wingi wa maji na uwezo wa vyombo kupita, ikaona ni ule wa kaskazini, na kisiwa kikawa cha Botswana. Namibia ilieleza pia kwamba watu wa kabila la Wasubia walikuwa wakikilima kisiwa hicho kwa miaka mingi. Mahakama ilikubali kwamba walilima, lakini ikasema hawakulima kwa niaba ya dola, na jembe la mkulima anayefuata rutuba halihamishi mpaka. Mwaka 2002, katika shauri la Kamerun na Nigeria, jambo linalokaribiana na hilo liliamuliwa kuhusu Ziwa Chad, ambako wavuvi na wakulima wa Nigeria walikuwa wameyafuata maji yaliyokuwa yakirudi nyuma, wakaanzisha vijiji vilivyopata shule na zahanati kutoka kwao, na bado hati za mpaka zikashinda. Mwanafunzi wa Kyela aliyezoea kusema kwamba ziwa ni letu kwa kuwa babu zetu walivua humo anapaswa kuzisoma hukumu hizi mbili kabla ya kufungua mdomo.

Kuyasema haya darasani ni kazi nyepesi. Kuyasema Tukuyu ni jambo jingine, hasa mwaka 2012, wakati leseni za utafutaji wa mafuta zilizotolewa na Malawi katika sehemu ya kaskazini ya ziwa zilipoamsha hasira pande zote, na msomi yeyote wa sheria aliyerudi nyumbani kwa mazishi au mapumziko aliulizwa swali moja kabla hajavua viatu. Katika Unyakyusa msiba hukusanya watu wengi kwa siku kadhaa, na penye watu wengi waliokaa bila kazi kubwa pana mijadala. Mwandishi alieleza hoja za pande zote mbili kwa mpangilio aliouzoea, na kijana mmoja akamaliza maelezo hayo kwa kuuliza kwa sauti kama mwalimu ameajiriwa na Blantyre. Kicheko kilikuwa kikubwa. Mzee mmoja, ambaye ujanani alikuwa amevua Matema, hakucheka, alisubiri sauti zitulie, akauliza: "Sasa mwanangu, kama maji ni yao, mvuvi akitoka na mtumbwi asubuhi abebe pasipoti?"

Swali hilo lilikuwa la kisheria kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo, na mwandishi hakuwa na jibu la kuridhisha. Fasihi yote aliyoisoma ilikuwa imeshughulika na umiliki, yaani nani ana mamlaka ya dola juu ya maji, wakati mzee aliuliza juu ya matumizi, yaani haki gani anabaki nayo mtu wa ufukoni hata kama mamlaka ni ya jirani. Mambo hayo mawili hutenganishwa na sheria, na mfano wake ulio karibu kabisa na Ziwa Nyasa uko Amerika ya Kati. Mto San Juan unapita kati ya Nicaragua na Costa Rica, na mkataba wa mwaka 1858 uliyaacha maji yote mikononi mwa Nicaragua, mpaka katika sehemu hiyo ukipita kwenye ukingo wa upande wa Costa Rica, kama vile ule wa 1890 unavyopita ufukoni Matema. Katika hukumu ya tarehe 13 Julai 2009 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilithibitisha mamlaka ya Nicaragua, kisha ikasema kwamba wakazi wa ukingo wa Costa Rica wanaovua kwa ajili ya kujikimu wana haki ya desturi ambayo Nicaragua lazima iiheshimu, kwa kuwa mazoea hayo yalikuwa yameendelea muda mrefu bila kupingwa.

Hapa tena uaminifu wa kusoma unahitajika, maana wapo waliokwisha kuinukuu hukumu hiyo kana kwamba imemaliza tatizo la mvuvi wa Kyela. Haikumaliza. Haki iliyotambuliwa ni ya kuvua kutoka ukingoni, na Mahakama ilikataa kuipanua hadi uvuvi wa kwenye vyombo ndani ya mto, ikisema ushahidi wa mazoea hayo ulikuwa mdogo na wa karibuni. Mzee wa Matema alitaja mtumbwi. Kwa hiyo hukumu inampa nusu ya jibu, na nusu iliyobaki inategemea kama kuna mtu anaweza kuonyesha kwamba watu wa ufuko wa kaskazini wamekuwa wakitoka na mitumbwi kwa vizazi, kwa kujikimu, bila kuzuiwa na mtu. Mahakama yenyewe ilikiri kwamba mazoea ya namna hii, katika maeneo ya mbali yenye watu wachache, kwa kawaida hayaandikwi popote rasmi, na kwa hiyo mwenye kuyathibitisha atalazimika kuwatafuta wanaoyakumbuka.

Kuhusu umiliki wenyewe, huenda Mahakama hiyo isipate kamwe nafasi ya kusema neno. Mamlaka yake husimama juu ya ridhaa, ambayo dola inaweza kuitoa kwa shauri moja au kwa tamko la jumla chini ya kifungu cha 36 cha Sheria inayoiunda Mahakama hiyo. Malawi iliweka tamko kama hilo mwaka 1966, Tanzania haijaweka. Mgogoro ulipelekwa kwa wapatanishi, marais wastaafu wa nchi za Kusini mwa Afrika wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji, na upatanishi una kanuni zake, mojawapo ikiwa kwamba washauri hawasemi waliyoshauri. Msomi anayetaka kuyaona maandishi yake yakisomwa kwa sauti mbele ya majaji atafute mpaka mwingine.

Kazi iliyo wazi zaidi iko kwenye Songwe. Mto huo, unaposhuka kwenye tambarare ya Kyela, hujipinda na kuhama, na kanuni ya sheria katika hali hiyo ni kwamba mto ukisogea polepole kwa kula ukingo mmoja na kuujaza mwingine mpaka husogea nao, lakini ukikata njia mpya kwa mafuriko ya ghafla mpaka hubaki ulipokuwa, katika mkondo ulioachwa. Kanuni hiyo inaeleweka vizuri vitabuni; shambani, mkulima wa mpunga anayeamka na kuona mto umepita nyuma ya nyumba yake hajui ni ipi kati ya hali hizo mbili imemkuta, na afisa wa mpakani Kasumulu hana namna ya kumwambia. Tanzania na Malawi, zikiwa bado hazijaafikiana juu ya ziwa, ziliafikiana juu ya mto, zikaweka saini mwaka 2017 makubaliano ya kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la Songwe, zikashughulikia uimarishaji wa kingo, mabwawa na umwagiliaji. Kwa maoni ya mwandishi, vifungu vya makubaliano hayo, vilivyoandikwa zaidi na wahandisi wa maji kuliko na wanasheria, vinastahili kufundishwa kwa saa nyingi kuliko mgogoro wote wa ziwa, lakini ni nadra kuviona katika muhtasari wa somo, labda kwa sababu havina adui ndani yake.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, baadhi ya wanafunzi wameanza kuomba kuandika tasnifu zao kwa lugha hiyo, na mwandishi huwahimiza wale wanaotoka Rungwe na Kyela waache suala la nani mwenye ziwa na wachukue lile la mvuvi wa mtumbwi. Utafiti huo hauhitaji safari ya Berlin wala London, ingawa majalada ya Wajerumani yaliyoko katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam yatasaidia kwa anayekisoma Kijerumani. Unahitaji mtu wa kukaa na wazee wa Matema, Ikombe na Karonga, kuandika walivyovua, walivua wapi, mali ilikuwa ya nani, na kama kuna siku mtu yeyote mwenye kofia ya serikali aliwahi kuwarudisha ufukoni. Wanyakyusa wa upande huu na Wangonde wa upande ule huelewana bila mkalimani, kwa hiyo kijana wa Tukuyu anaweza kuukusanya ushahidi wa pande zote mbili katika mazungumzo ya kawaida, na kwa kuwa wengi wa wale waliovua kabla ya mwaka 1967 wamekwisha kuwa wazee sana, mwandishi amekuwa akiwashauri wanafunzi hao waanze na mahojiano na kuiacha sura ya nadharia iandikwe baadaye.